Nane Niliyoiita Tisa

Ipo siku moja, mwanangu, ninayoikumbuka kuliko siku ya harusi yangu, na si kwa uzuri wake. Ilikuwa Jumanne asubuhi, umeme wa mji ulikuwa umekatika na kurudi, na mimi nilikuwa nimeketi mbele ya seva iliyokataa kufungua kazi. Nilikuwa na miaka ishirini na saba. Leo nina wajukuu wanaoniita koko, magoti yangu yamechoka na milima ya Bukavu, na bado asubuhi ile hainitoki.

Nakuandikia kwa sababu umenipigia simu wiki hii. Si wewe peke yako. Mnanipigia wengi, ninyi vijana mnaoshika seva za zahanati, za shule na za maghala ya mji huu, na swali lenu ni lilelile: "Koko, programu imekataa kufunguka, inasema jedwali moja ni la toleo la zamani. Nibadilishe tu ile namba?" Kwa kweli nimechoka. Nimejibu mara nyingi kwa neno moja, usiguse, na baada ya siku mbili nasikia kwamba mtu aligusa. Basi leo sijibu kwa simu. Keti nikueleze, halafu ukitaka kugusa, uguse ukijua unachogusa.

Siku zile vita ilikuwa imepoa kidogo, lakini watu walikuwa bado wametawanyika. Nilifanya kazi katika shirika dogo, jina lake nitaliacha, kwenye nyumba ya bati huku Ibanda. Kazi yetu ilikuwa watoto waliopotezana na wazazi wao njiani, wakati wa kukimbia. Tulikuwa na kompyuta moja kubwa tuliyoiita seva, na ndani yake majedwali mawili. La kwanza lilikuwa la watoto waliookotwa: jina ambalo mtoto analikumbuka, kijiji anachokitaja, umri wa kukisia, alama za mwilini, namna anavyolala. La pili lilikuwa la wazazi wanaotafuta, na habari zilezile jinsi mzazi alivyozisema. Programu ilitazama huku na huku. Ikiona kijiji kimefanana, inaendelea kulinganisha umri na majina, kisha inatuambia: angalieni hawa wawili. Tulikuwa tunaangalia, tunakwenda kumwona mtoto, tunamwita mzazi. Siku mzazi alipomkuta mtoto wake, hata mpishi aliacha chungu motoni akaja kutazama.

Aliyenifundisha mashine alikuwa Tonton Bisimwa, mjomba wetu sote pale ofisini, mtu wa Mudaka, mwalimu wa hesabu wa zamani. Alikuwa mkimya, mwenye koti moja la kahawia ambalo hakulivua hata jua likiwaka. Aliniambia mapema jambo ambalo nawe unalijua: kila jedwali lina namba ya toleo lake, imewekwa mahali ambapo mtumiaji wa kawaida haoni. Programu ikiamka, inasoma namba ile kwanza. Ikikuta ndiyo inayoijua, inafungua. Ikikuta nyingine, inasimama, kwa sababu haijui tena safu za jedwali lile zimepangwa vipi na ndani yake kumeandikwa nini. Wengi wetu tunaiona kama karani mkaidi. Tonton alisema ni karani mwenye adabu.

Basi kukaja toleo jipya la programu, kwenye flash, limeletwa na mgeni kutoka mbali. Majedwali yetu yalikuwa ya toleo la nane, ilibidi yapandishwe hadi la tisa. Tulikubaliana na Tonton tufanye kazi hiyo pamoja Jumamosi, jenereta ikiwa imejaa mafuta. Kabla ya Jumamosi kufika, kaka yake mkubwa akafa huko Mudaka, na Tonton akapanda kwenda kwenye matanga.

Nilipaswa kungoja. Lakini nilitaka arudi akute kazi imekwisha, anisifu. Ndivyo nilivyokuwa, mwanangu, nilipenda kusifiwa kama mtoto anavyopenda beignet, andazi la asubuhi. Jumatatu nilifanya nakala ya akiba, ile tunayoiita sauvegarde, nikaifungia kabatini. Hapo nilifanya vizuri, na ni hapo tu. Jumanne asubuhi, bila kumwambia mtu, nilianza kupandisha majedwali.

La watoto lilipanda hadi mwisho. Mashine ilipoanza la wazazi, umeme ukakatika. Betri ya akiba ililia dakika chache ikanyamaza. Jenereta haikuwa na mafuta, na sijui kwa nini nilitegemea kitu kingine. Umeme uliporudi kwenye saa nne, niliwasha seva, nikasoma: jedwali la wazazi, toleo lililopo nane, toleo linalotakiwa tisa, programu imesimama.

Huko nje mabenchi yalikuwa yamejaa, kwa sababu Jumanne ilikuwa siku ya wazazi. Mkurugenzi wetu alikuja mlangoni, tai yake ikiwa imepinda.

"Furaha, batu beko inje tangu asubui. Tunabaambia nini?"

"Dakika kidogo, Papa Directeur. Courant njo iliniharibia kazi."

Unaona? Nilikwisha kusingizia umeme. Nilimpigia Tonton simu kule matangani. Nyuma ya sauti yake nilisikia wanawake wakilia. Nilimweleza kwa kifupi, na kwa ufupi ule nikapunguza makosa yangu.

"Usiguse kitu," akasema. "Rudisha sauvegarde, majedwali yote mbili irudi nane, halafu ufunge. Ama uningojee, jeudi niko nakuya. Bambie batu barudie kwao."

"Ndiyo, tonton."

"Furaha, umenisikia?"

"Nimekusikia, tonton."

Kurudisha sauvegarde kungechukua siku nzima, na umeme ule haukuwa na hakika ya hata saa moja. Ilikuwa lazima nitoke nje niwaambie wale mama warudi bila kupokelewa, na nimwambie mkurugenzi kwamba nilianza kazi ambayo sikutumwa. Niliona aibu. Na kuna jambo lingine ambalo lazima ulijue ili unielewe, maana nawe umelelewa nalo. Sisi watu wa mji huu tumesifiwa tangu utoto kwa kujua kujipanga. Hakuna maji, jipange. Hakuna barabara, jipange. Gari likikataliwa kwenye barrière, kizuizi cha polisi, kwa sababu karatasi ya ukaguzi imepitwa, dereva wetu haendi kutengeneza breki. Anatafuta mtu wa kumbadilishia tarehe kwenye karatasi, na gari linapita na breki zake zilezile. Wote kwenye gari wanamcheka polisi na kumwita dereva débrouillard, mtu anayejua kujipanga. Nami nilicheka mara nyingi, nikiwa nimekaa kiti cha nyuma.

Nikajipanga. Nilitafuta pale namba za matoleo zinapowekwa, nikakuta nane ya jedwali la wazazi, nikaifuta, nikaandika tisa. Kazi ya sekunde tatu. Jedwali lenyewe sikuligusa hata safu moja. Nikawasha programu, ikasoma tisa na tisa, ikaniamini, ikafungua.

Mkurugenzi alinipigia makofi mbele ya watu. "Huyu mutoto ni débrouillarde ya kweli!" Wakaniletea Fanta baridi, sijui waliitoa wapi siku yenye umeme wa kukatika-katika. Niliinywa yote.

Alhamisi Tonton alirudi kutoka Mudaka, macho mekundu, udongo wa makaburini bado kwenye viatu.

"Mashine inatembea?"

"Inatembea, tonton."

"Ulirudisha, halafu ukapandisha upya?"

Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo. Hakutazama. Mtu aliyetoka kumzika kaka yake hana nguvu za kumkagua mtu anayempenda. Akasema, "Aksanti, mwana wangu," akaketi.

Sasa sikiliza nililolifanya, kwa sababu wakati ule sikulijua. Katika toleo la nane, kijiji kiliandikwa kwa jina lake: Luvungi, Mudaka, na kadhalika. Katika toleo la tisa, kijiji kiliwekwa kwa namba iliyotoka kwenye orodha moja. Jedwali la watoto lilikuwa limepanda sawasawa, kwa hiyo vijiji vyote humo viligeuka namba. Jedwali la wazazi lilibaki na majina. Programu ikawa inamtafutia mtoto mzazi mwenye kijiji cha namba fulani, na mbele yake wamesimama wazazi wenye maneno. Haikuona aliyefanana, na haikulalamika, kwa sababu mimi nilikwisha kuihakikishia kwamba hapa pote ni tisa. Ilikuwa inajibu kwa utulivu: hakuna.

Na kilichonificha ni hiki. Mzazi mpya akija kujiandikisha baada ya siku ile, programu ilimwandikia kijiji kwa namba, sawa na watoto. Wapya wakapatana. Ndani ya wiki tatu tulikutanisha familia mbili, tukaimba uani, nami nikajiona mtu. Walioshindwa kuonekana ni wazazi wa zamani tu, wale waliotangulia kuja, waliongoja kuliko wote.

Mmoja wao alikuwa Maman Wabiwa. Alikuwa Mrega wa kijiji kimoja huko Mwenga, mwanamke mwembamba, mwenye kicheko cha ghafla ambacho hukukitegemea katika uso ule. Alikaa Kadutu kwa shemeji yake, akiuza lenga-lenga. Kila Jumanne alishuka kwa miguu, akaacha beseni lake la mboga kwa mlinzi getini, akaketi benchi la mbele. Binti yake, Riziki, alipotea porini walipokuwa wanakimbia, akiwa na miaka kama mitano. Maman Wabiwa hakuwa mtu wa maneno. Zamu yake ikifika alisimama mlangoni mwangu.

"Iko kitu?"

Nilibonyeza, nikatazama kioo. "Hakuna, maman."

"Haya. Mardi ingine."

Baada ya wiki chache nilianza kumjibu kabla hajauliza. Nikimwona tu mlangoni natikisa kichwa, naye anaitikia na kuondoka. Hata kubonyeza nilikuwa naacha mara nyingine. Hilo silo kosa la mashine, ni langu, na naliandika hapa ingawa hukuniuliza.

Kuna nyumba moja Nguba, karibu na ziwa, ya mtumishi wa serikali na mkewe. Walikuwa wanamlea kwa wema kabisa mmoja wa watoto wetu, msichana ambaye kituo cha watoto kilichelewa kutuletea faili yake hadi baada ya Jumanne ile. Yule bwana akahamishiwa Kinshasa. Wakaja kuomba karatasi ya kwenda na mtoto, kwa sababu walikwisha kumzoea na hawakutaka kumrudisha kwenye kituo. Kanuni yetu iliruhusu, kwa sharti moja: ithibitishwe kwamba hakuna mzazi yeyote katika base yetu, yaani majedwali yale, anayemtafuta mtoto huyo. Mkurugenzi akanituma. Nikaita faili ya mtoto, nikaipitisha macho kwa haraka, nikabonyeza. Hakuna. Nikachapa karatasi, nikagonga muhuri.

Ilikuwa Jumanne. Nilipita mbele ya mabenchi nikiwa na karatasi ile mkononi, na Maman Wabiwa akanisalimu, "Jambo, mwana." Nikamwitikia, nikaendelea hadi ofisi ya mkurugenzi.

Aliyegundua ni Tonton Bisimwa, na hakugundua kwenye kioo. Asubuhi moja ya Alhamisi, wiki iliyofuata, aliingia akaketi bila kuvua koti lake, akaniuliza kwa sauti ya kawaida.

"Furaha, unaangaliaka benchi?"

"Benchi gani, tonton?"

"Ile ya bazazi. Ule anakuya mupya, anapata. Bale ba zamani, hata moja hapati. Ni bale bale tu, kila mardi. Ile njo inaweza kutokea aje?"

Nikasema labda ni bahati. Akanitazama kama alivyotazama wanafunzi wake wa hesabu, nadhani. Kisha akavuta kiti mbele ya seva, akafungua jedwali la wazazi lenyewe, si kwa njia ya programu, akashuka nalo taratibu. Majina ya vijiji, majina, majina, halafu chini, namba. Kidole chake kilisimama pale maneno yalipokwisha na namba zilipoanza. Akaenda pale panapoandikwa matoleo.

"Nani aliandika tisa hapa?"

Nilisikia masikio yangu yakiwaka. "Ni mimi, tonton."

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alivua miwani, akajifuta uso kwa kiganja.

"Mashine ilikuambia ya kama iko mugonjwa. Ilikuambia wazi, na français muzuri. Weye ukaifunga kinywa." Akavaa miwani tena. "Na miye nilikuuliza. Nilitoka ku matanga, nikakuuliza, ukanitikisia kichwa."

Hilo la pili ndilo lililonitoa machozi. Hakunibembeleza. Alisema, "Utalia kisha. Leta kiti."

Sauvegarde haikuweza kutusaidia tena, kwa sababu ilikuwa ya kabla, na tangu siku ile wazazi wapya walikuwa wameingia. Wala programu ya kupandisha haikuweza kulishika jedwali lililochanganyika, nusu maneno, nusu namba. Ilibaki njia moja. Tulinakili kila kitu pembeni kwanza, mara mbili, tukamtuma mlinzi kununua mafuta ya jenereta, kisha tukaanza kupitia mzazi mmoja mmoja kwa mkono. Mimi nilisoma kwa sauti, Tonton alitafuta kijiji kwenye orodha na kuweka namba yake. Hakuniruhusu kusoma kijiji tu. "Soma yote," aliniambia. Nikasoma yote. Baba anayetafuta mapacha. Bibi anayemtafuta mjukuu ambaye hajui kusema. Watu niliowaona benchini kila wiki, sasa nasikia mdomoni mwangu wanachokitafuta.

Kabla ya mchana nilifika kwa Maman Wabiwa. Nikasoma: msichana, Riziki, ana kovu la moto mkono wa kushoto, akitaka kulala anashika sikio lake mwenyewe. Nikasimama. Sikuhitaji mashine iniambie. Maneno yale ya sikio nilikwisha kuyapitia siku tisa nyuma, katika faili ya yule mtoto wa Nguba, nilipokuwa naharakisha kuchapa karatasi.

Riziki ni jina la watoto wengi hapa kwetu, na nilikuwa nimelizoea hadi silisikii. Lakini hakuna Riziki wengi wanaolala wameshika sikio. Nilimweleza Tonton kwa maneno yasiyo na mpangilio. Alisema neno moja: "Enda."

Nilikimbia. Sikungoja gari, nilishuka Nguba kwa miguu, viatu mkononi mahali penye matope. Nilikuta geti limefungwa. Sentinelle, mlinzi wa nyumba ile, alikuwa anafagia majani, akaniangalia kwa huruma ya mtu ambaye hajui unalolitaka.

"Balishaenda, maman. Lundi, na boti ya Goma. Kule banakamata ndege."

"Na mutoto?"

"Na mutoto. Alikuwa anafurahi sana, juu ya boti."

Nilikaa chini kwenye kizingiti cha geti lile. Ziwa lilikuwa tulivu na watu walikuwa wanafua nguo zao. Jumatatu. Siku tatu tu.

Jumanne iliyofuata Tonton alikataa kumwambia Maman Wabiwa kwa niaba yangu. "Weye njo utamuambia." Nikamwita ndani, nikafunga mlango. Nikamwambia Riziki yuko hai, yuko Kinshasa na watu wazuri, tutamrudisha. Mwanangu, yule mama alinikumbatia. Alicheka kile kicheko chake, akalia, akatoka nje akawaambia wote benchini kwamba mimi nimempatia mtoto. Aliniletea lenga-lenga, akasisitiza niipokee. Nami sikumwambia mtoto alikuwa Nguba. Nilisema Kinshasa tu, nikaliacha hivyo. Ilikuwa tisa yangu ya pili.

Kumrudisha kulichukua miezi mitano. Barua, mihuri, ndege ambazo hazikuruka. Tulipomaliza majedwali na kuwasha programu upya, wazazi wengine wa benchi lile walipata watoto wao katika mwezi mmoja, na kila furaha yao ilinichoma kwa sababu nilijua ingeweza kuja mapema. Kwa Maman Wabiwa bado nilikuwa mtu mwema. Kila Jumanne aliniuliza hali yangu.

Siku Riziki alipofika, alikuja na yule mama mlezi mwenyewe, ambaye macho yake yalikuwa yamevimba tangu kwenye ndege. Mtoto alikuwa amevaa viatu vyeupe. Maman Wabiwa alikuwa amesimama katikati ya chumba, hajui aweke mikono wapi. Akamwita, akasema naye Kirega, maneno mengi mfululizo, kwa sauti ya chini. Mtoto alimsikiliza kwa adabu. Kisha akamvuta mama mlezi sketi, akauliza kwa Kilingala, "Mama, oyo nani?" Mama, huyu ni nani.

Mama mlezi akapiga magoti, akaanza kueleza kwa Kiswahili, kwetu sote, huku akilia. Kwamba hawakuiba mtoto. Kwamba walikaa naye mwaka mzima hapa Nguba, waliuliza ofisini, wakapewa karatasi.

"Nguba?" akasema Maman Wabiwa.

"Nguba, maman. Pale pembeni ya ziwa."

Nilimwona akihesabu bila vidole. Kadutu hadi ofisini, ofisini hadi Nguba. Kisha akanigeukia, si kwa hasira, alitaka tu kujua.

"Kila mardi ulikuwa unaniambia hakuna. Ulikuwa unatafuta wapi?"

Nilikuwa na jibu la kifundi, lenye safu na namba na umeme uliokatika. Lilinijia lote mdomoni, na nililiona lilivyo. Nikamwambia: "Sikutafuta, maman. Mashine iliharibika, nikaificha." Akaitikia kwa kichwa kama alivyoitikia kila Jumanne. Akamshika mtoto mkono, taratibu, ule wenye kovu, na mtoto akamwachia mkono kwa sababu alikuwa amefundishwa adabu. Tangu hapo sikumwona tena. Watu nikiwasimulia wanataka nimalizie kwamba Riziki leo ni mwanamke mzima na tunasalimiana sokoni. Sijui yuko wapi. Walirudi Mwenga, ndilo ninalolijua.

Tonton Bisimwa aliniacha niendelee na kazi. Hakuniuliza tena kama mashine inatembea. Alikuja akatazama mwenyewe, kila asubuhi, hadi siku alipostaafu. Niliistahili adhabu ile, na ilikuwa ndefu.

Basi, mwanangu, nasaha yangu ni hii, na nitaisema wazi nisije nikaambiwa niliificha ndani ya hadithi. Programu ikisema toleo halilingani, soma ujumbe wote kabla ya kuinua kidole. Tafuta jedwali gani limepanda na gani limebaki, na hakikisha kwa kutazama safu zenyewe, si ile namba. Nakili kila kitu pembeni. Kama kazi ya kupandisha ilikatika katikati, rudisha yote ilikotoka na uanze tena, siku yenye mafuta na mwenzako akiwa karibu. Namba ya toleo ni ushahidi wa kazi iliyokwisha kufanyika. Usiiandike kazi ikiwa haijafanyika, hata kama mkurugenzi amesimama mlangoni, hata kama mji mzima unakuita débrouillard. Na ikiwa umekwisha kuiandika, usilale nayo. Sema leo, maana kesho utakuwa umechapa karatasi ambayo hukuijua.

Na watazame watu walio benchini. Seva ikikujibu kwamba kila kitu ni sawa na benchi halipungui, amini benchi.

Mwanangu, mimi nimechoka na jioni hii nitalala mapema. Mungu akulinde katika kazi yako, akupe umeme usiokatika na walimu wenye subira. Akupe uso wa kutoka nje, mbele ya watu waliongoja tangu asubuhi, ukawaambia: "Mama zangu, leo rudini, kazi imeharibika, na mimi ndiye niliyeiharibu." Na siku utakapolisema hilo, akupe watu wa kukusamehe. Amina.